Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Kwa miaka mingi Lewa Charo alipiga picha za harusi na mazishi ya Mikoroshoni kwa kamera moja, akazisafisha kwa kompyuta moja, na hakuna aliyejua kati ya hizo mbili ipi ilikuwa kizee zaidi. Kamera aliinunua kwa mtalii wa Nyali aliyekuwa akikimbilia ndege. Kompyuta ilitoka ofisi fulani ya bandarini ambako ilikwisha kutupwa mara mbili. Ukiiwasha asubuhi ulikuwa na nafasi ya kwenda kisimani, kuteka maji, kurudi, kuamkiana na majirani wanne kwa ukamilifu wa salamu, na bado ungeikuta inafikiri.

Hakuna aliyelalamika. Mikoroshoni iko nyuma ya Kiembeni, pale lami inapochoka, na watu wake wamezoea kungoja: maji ya mfereji, taa za barabarani, zahanati iliyowekewa jiwe la msingi na waheshimiwa watatu kwa nyakati tofauti, mawe matatu sasa na hakuna hata ukuta. Kompyuta inayongojwa nusu saa ilikuwa mwepesi miongoni mwa wazito.

Kisha ikaja barua, juu ya gari jeupe. Ilisema kwamba wakazi wa Mikoroshoni ni wavamizi walioingia miaka minne iliyopita, na kwamba mwenye hati sasa anapataka pahala pake. Mwenye hati mwenyewe hakuna aliyewahi kumtia machoni. Watu hawakushtuka sana. Babu zao waliambiwa maneno hayo hayo na watu wengine wenye karatasi, na kabla ya hao walikuwako ambao hata karatasi hawakujisumbua kuileta. Kilichowaudhi ni hiyo miaka minne. Mtu akuibie kuku, sawa, kuku ataibwa. Lakini asikwambie hukuwa na kuku.

Kamati ya ardhi ingewasikiza Alhamisi ya wiki iliyofuata. Wakili, binti mmoja aliyejitolea kuwatetea bure, aliwaambia kwenye baraza, "Nipeni ushahidi kwamba mmekuwa hapa zaidi ya miaka kumi na miwili. Si maneno. Kitu cha kuonyesha."

Mzee Mbwana, mwenyekiti wao, aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye vyumba vya injini za meli, akasimama akiegemea mkongojo.

"Ushahidi tunao," akasema. "Uko kwa Lewa. Nyuma ya kila bi harusi kuna nyumba. Nyuma ya kila jeneza kuna mkorosho. Picha zote hizo, wallahi, zaweza kumfunga mtu mdomo."

"Ziko elfu kumi na nne," Lewa akasema. "Lakini kompyuta yangu nikiifungulia picha kumi pamoja, inakufa."

"Basi ifufuke au izikwe," Mbwana akasema.

Ikazikwa. Mchango ukapita nyumba kwa nyumba, na kila mmoja akatoa alichokuwa nacho. Mgema mmoja alitoa dumu la tembo, nalo likanywewa hapo hapo barazani, kwa hiyo halikuhesabiwa. Ijumaa, Jacktone akaja na maboksi juu ya mkokoteni.

Jacktone alikuwa fundi wa kompyuta pale Kongowea, Mluo wa Homa Bay aliyekaa Mombasa miaka ishirini na bado akiona joto la hapa kama jambo lililofanywa makusudi dhidi yake. Alizitaja sehemu za mashine kama mtu anayetambulisha wakwe.

"Hii ni memori," akasema, akiinua kijiti cha kijani. "Ya zamani ilikuwa kikombe cha kahawa. Hii ni pipa. Na hii ni diski, haina kitu cha kuzunguka ndani, haina kelele, inafungua picha kabla hujaiomba. Na kioo hiki, Lewa, ndugu yangu, kioo hiki kitakuonyesha chunusi ambazo Mungu mwenyewe amezisahau."

"Na haya matundu hapa juu?" Lewa akauliza. Kasha jipya lilikuwa na matundu utosini, na chini yake feni iliyozunguka polepole.

"Hapo ndipo inapopumulia. Kama nyangumi. Hii si kompyuta, bwana. Hii ni meli."

"Meli za kwenu ziwa Viktoria au za kwetu baharini?"

"Za kwetu zinafika. Za kwenu zinangoja foleni nje ya bandari."

Kanze, mamake Lewa, aliwasikiza huku akifuma. Alikuwa na miaka sabini na moja, na mikono yake haikujua kukaa. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa na kitambaa chake. Viti vilikuwa na vitambaa migongoni na mikononi. Redio ilikuwa nacho, televisheni, jagi la maji, na mtungi wa gesi ulivaa sketi. Kitu kisichofunikwa, kwa Kanze, ni kitu kisicho na wenyewe. Cha kompyuta alianza kukifuma siku mchango ulipoanza, kabla umbo la mashine halijajulikana: cheupe, kizito, ukingo mwekundu, na mananasi manane yaliyopangwa duara, la tisa katikati. Jacktone alipokwisha kukaza skrubu, Kanze akainuka, akakitandaza juu ya kasha, akavuta pembe zikalingana.

"Haya," akasema. "Sasa imekuwa ya nyumbani."

Jacktone akashika moyo wake. "Mama, hicho ni kizuri. Mamangu mzazi angekiona angelia."

Jumamosi asubuhi Lewa aliketi, akafungua picha mia moja kwa pamoja, zikafunguka. Akacheka peke yake kama mtu aliyeambiwa siri. Alipofika ya mia na hamsini, kioo kikawa cheusi. Akaiwasha, ikawaka, ikafanya kazi dakika ishirini, ikazima tena.

Akampigia Jacktone.

Jacktone akaja, akakiondoa kitambaa kwa vidole viwili, akakikunja vizuri, akakiweka kitini. Akafungua kasha, akachungulia, akanusa. Akaiwasha, ikakaa saa nzima bila kutetereka huku Kanze akimnywesha chai na mahamri.

"Stima," akaamua. "Stima za huku zinarukaruka, umeme hautulii. Nimekufungia kifaa cha kuzituliza." Akakirudisha kitambaa mahali pake, akalinganisha pembe kama alivyomwona mama akifanya, kwa sababu alilelewa vizuri, akaenda zake.

Mashine ikazima kabla hajafika barabarani.

Jumapili akaja tena, baada ya kanisa, amevaa suti. Akakiondoa kitambaa, akakikunja. Safari hii ilikuwa chumvi. "Hewa ya bahari inakula waya. Kwetu maji ni matamu, hayana tabia hizi." Akasugua kila kiungo kwa mswaki na spiriti. Saa mbili ikafanya kazi kama malaika. Akakirudisha kitambaa, akala pilau, akaondoka. Ikazima.

Jumatatu ilikuwa sisimizi. Alimkuta mmoja.

"Mmoja tu?" Lewa akasema. "Sisimizi mmoja ameangusha meli?"

"Ndugu yangu, ungelijua sisimizi mmoja anaweza nini."

"Jacktone, hii mashine inakuogopa. Ukiwapo inafanya kazi. Ukitoka inalala. Hebu hamia hapa."

"Imechoka," Kanze akasema kutoka kitini pake. "Mnaifanyisha kazi kutwa. Hata punda hupumzishwa."

"Mama, ina siku tatu tangu izaliwe."

"Ndiyo maana. Mtoto wa siku tatu hulala."

Lakini Lewa hakucheka. Alikuwa amesafisha picha mia tatu kati ya elfu kumi na nne, na Alhamisi haikuwa mbali. Huko nje, kwenye kila mkorosho wenye shina nene, mtu wa gari jeupe alikwisha kupaka alama nyekundu. Mmoja ulikuwa mlangoni pake. Babake alikuwa amezikwa hatua kumi kutoka hapo.

Jacktone alikwisha kukitandaza kitambaa, akawa anamalizia chai, Mbwana alipobisha hodi.

"Karibu, mwenyekiti," Kanze akasema. "Shikamoo."

"Marahaba, Mama Lewa, ingawa wanidanganya, tuko sawa sawa kwa umri. Nimekuja kuitazama meli yetu." Akasogea mezani, akaweka kiganja juu ya kasha, kama vile alivyoweka viganja juu ya injini miaka thelathini. Akakiacha hapo kidogo. Kisha akamtazama Lewa, akamtazama Jacktone, akamtazama Kanze.

"Nyinyi," akasema taratibu, "mwamfunika blanketi mwenye homa?"

Akainua pembe ya kitambaa, matundu yakaonekana.

"Inawaka moto. Na matundu ya pumzi ndiyo haya chini ya mananasi. Mumemziba pua, mwamuuliza mbona hapumui!"

Lewa alikitazama kitambaa kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza maishani mwake, na ndivyo ilivyokuwa. Katika nyumba ile kitambaa hakionekani, kama mtu asivyoiona pua yake mwenyewe. Jacktone naye alikuwa amekiondoa mara tatu na kukirudisha mara tatu, kwa mkono wake, fundi wa miaka ishirini.

"Mimi nilisema ni kizuri," Jacktone akasema kwa sauti ndogo. "Sikusema kingine."

"Nyangumi," Lewa akasema. "Nani alisema nyangumi?"

"Lewa, tafadhali."

"Anapumulia utosini, akasema. Kisha akamvisha kofia."

Mbwana alicheka mpaka mkongojo ukamwanguka. Kanze peke yake hakucheka. Alikitwaa kitambaa, akakikunja mara nne, akakibana kifuani.

"Basi mmeniambia nimeua kompyuta ya watu," akasema.

"Hukuiua, mama. Umeiziba kidogo."

"Wamechanga watu. Mpaka mgema amechanga."

"Hukumu itolewe," Mbwana akasema, akijifuta machozi. "Mama Lewa aliyemfunika ndiye atakayempepea. Twaa upepeo, ukae naye mpaka kazi iishe."

Ilisemwa kwa mzaha, lakini Kanze si mtu wa kuchezewa hukumu. Akaleta kigoda na upepeo wa ukindu, akaketi kando ya kasha, akaanza kupepea kwa mdundo ule ule anaopepea jiko la makaa. Jacktone alimweleza kwamba feni iko ndani. Kanze akamwambia na yeye ana mkono nje. Mashine haikuzima tena.

Jumanne Lewa akazisafisha picha kama mtu anayevuna. Jacktone akabaki kwa aibu, akajitia kazi ya kuzipanga.

"Angalia raha ya mashine mpya," akasema. "Nabonyeza hapa, zote elfu kumi na nne zinajipanga kwa tarehe zenyewe, dakika moja. Halafu wakili anachukua za zamani kuliko zote, tumemaliza." Akabonyeza.

Zikajipanga. Jacktone akatazama. Akakaribia kioo, akarudi nyuma.

"Lewa. Hiyo mosi Januari, elfu mbili na tisa, ulikuwa na nguvu za ajabu."

"Kwa nini?"

"Siku hiyo moja umepiga harusi sitini na mazishi arobaini. Na ubatizo. Na mahafali ya chekechea. Ulikula saa ngapi?"

Lewa akaja, akaona. Alikumbuka vizuri mno. Kamera ya mtalii ilikuwa na saa yake ndani, na kila betri ilipotolewa kwenda kuchajiwa, saa ile ilisahau kila kitu, ikaanza upya mosi Januari. Ilimuuliza kila mara: tarehe hii ni sahihi? Na Lewa, bi harusi akimngoja, maiti akimngoja, alibonyeza ndiyo. Miaka yote. Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Si miaka minne tu watakayosema," akanong'ona. "Watasema hatukuishi hapa ila siku moja."

Akaketi. Upepeo wa Kanze ukaendelea, fu, fu, fu. Kisha ukasimama.

"Hebu ikuze hiyo," Kanze akasema.

"Ipi, mama?"

"Hiyo ya Dama anaolewa. Kwenye ile kompyuta yako ya zamani nilikuwa naona kama nyama ya kusaga. Hapa naona mpaka meno. Ikuze meza."

Lewa akaikuza. Kioo kipya kikaileta meza ya maharusi mpaka nyuzi zikahesabika.

"Kile kitambaa cha meza ni muundo wangu wa samaki. Samaki niliwafuma mwaka mmoja tu, macho yakanisumbua nikawaacha. Ulikuwa mwaka wa kupigia kura katiba. Dama aliolewa Jumamosi iliyofuata kura, vidole vyote vya wageni vilikuwa na wino. Angalia vidole."

Wakaangalia vidole. Wino ulikuwapo.

Jacktone akavuta kiti. "Mama, katiba ilikuwa elfu mbili na kumi, Agosti."

"Mimi sijui namba zenu. Nenda mbele. Hiyo ni mazishi ya Kenga. Mkorosho ule nyuma yake una tawi la kushoto. Tawi lile lilianguka mwaka wa kura mbili, uchaguzi ukarudiwa. Hapa liko bado, basi ni kabla. Na mjane wake kibali cha kuzikia anacho, amekitia ndani ya Biblia, sura ya Ayubu. Nenda kakichukue, kina muhuri na tarehe. Wanapenda karatasi, si ndiyo? Tutawapa karatasi."

Siku mbili Kanze akapepea na kusema, na Jacktone akaandika. Hakuna sherehe ya Mikoroshoni ambayo hakuifumia kitambaa, kwa hiyo hakuna ambayo hakujua ilitangulia ipi. Mananasi yalifuata samaki, nyota zikafuata mananasi, kisha uzi mwekundu ukapotea madukani mwaka mzima na vitambaa vyote vya mwaka huo vikawa na ukingo wa buluu. Kila alipotaja jina, mtu alitumwa mlangoni pa mwenye jina, naye akarudi na cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki iliyoliwa na mende pembeni. Palikuwa na ubishi mmoja tu: Mbwana alidai harusi ya pili ya kakake ilikuwa kabla ya tawi kuanguka.

"Baada," Kanze akasema.

"Mama Lewa, ni kakangu mimi."

"Na kitambaa ni changu mimi. Tena ulikuja na kiatu kimoja cha kuazima. Lewa, kuza miguu."

Lewa akaikuza miguu. Mbwana akasema picha nyingine hazina haja ya kwenda kwa kamati.

Alhamisi walivuka daraja la Nyali na albamu tatu nene, wamezifunga ndani ya kile kitambaa cha mananasi. Chumba cha kamati kilikuwa na kiyoyozi, na Kanze aliacha upepeo mapajani bila kazi. Wakili wa mwenye hati alikuwa kijana aliyevaa vizuri. Mwenye hati mwenyewe hakuja. Pengine naye alizaliwa mosi Januari. Kijana alizipekua picha, akaomba na diski yenye picha zenyewe, akaitia kwenye kompyuta yake ndogo, akatabasamu.

"Waheshimiwa, picha zote hizi zina tarehe moja. Mosi Januari, elfu mbili na tisa. Tarehe za kwenye albamu zimeandikwa kwa mkono. Tungependa kujua zimetoka wapi."

Lewa akasimama. Kabla hajafungua mdomo mamake alikwisha kusimama.

"Zimetoka kwangu," Kanze akasema. "Ile kamera ni ya Ujapani. Itajuaje siku za Mikoroshoni? Mimi ndiye niliyekuwapo. Wewe baba, fungua ukurasa wowote, uniulize."

Kijana akafungua, akauliza. Kanze akajibu, akataja jina, kitambaa na cheti, na Jacktone akakitoa cheti kwenye bahasha. Akafungua mwingine. Akajibiwa. Wa tatu aliufungua mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani, aliyeinama mpaka pua ikagusa karatasi.

"Huu muundo," akasema, "ni nyota?"

"Nyota za pembe sita."

"Mamangu alikuwa akifuma za pembe tano." Akainua kichwa, akakumbuka alipo, akakohoa.

Saa tisa alasiri kamati ikaamua: kubomoa kusimamishwe, alama nyekundu zisiongezwe, na wanakamati waje Mikoroshoni wenyewe waihesabu mikorosho na makaburi kwa macho yao. Haikuwa ushindi. Mikoroshoni inajua ushindi ukoje, na inajua barua za gari jeupe huzaa. Lakini kwa mara ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la serikali kwamba huko kuna watu, na kwamba hawakuja juzi.

Nyumbani Kanze akakifungua kitambaa kutoka kwenye albamu, akakikung'uta, akaielekea kompyuta.

"Mama," Lewa akasema.

"Mama," Jacktone akasema, kwa hofu kubwa zaidi.

Akawatazama wote wawili. Akaketi kigodani, akatoa mkasi mdogo, na bila kutetemeka akakata nanasi la katikati. Akaanza kuuzungushia ukingo mwekundu ule mwanya, fundo kwa fundo, ili nyuzi zisifumuke.

"Kila mtu na pua yake," akasema. "Jacktone, nipimie matundu yana upana gani. Na safari hii usiniambie ni sisimizi."